Dado na Simu ya Watoto

Dado Abdinur alizaliwa kambini, mwaka ambao ukame uliwasukuma wafugaji kutoka Bangale hadi kwenye majani ya delta ya Mto Tana, na pengine ndiyo maana hakuona ajabu kuwa maisha yake yangepita akiwapokea watoto wa watu wanaohama. Kijijini Minjila wanawake wa Kiorma walimjua mkunga huyu kwa sikio lake. Alikuwa akilaza shavu juu ya tumbo la mja mzito, anafumba macho, na baada ya kitambo anasema kama mtoto yu mzima, kama amekaa vibaya, kama mama apakiwe mapema apelekwe hospitali Garsen kabla njia haijageuka matope. Wauguzi wenyewe walimheshimu. Mgonjwa akiletwa na Dado, hawakukawia kumpokea.

Kisha masikio yakaanza kumponyoka. Aliugua malaria kali, akapona, lakini ngurumo ikabaki kichwani kama mto uliofura. Hakumwambia mtu. Siku moja alilaza shavu tumboni mwa mke wa mpwa wake asisikie kitu, akamkimbiza hospitali, na huko mtoto akakutwa anacheza. Watu walicheka kwa furaha. Dado hakucheka. Alijua kuwa siku nyingine ukimya ungekuwa wa kweli, naye asiweze kuutofautisha na huo mwingine.

Mumewe, Jamal, aliyekuja kuambiwa nusu tu ya habari hiyo, ndiye aliyeuza fahali pasipo kuwashauri ndugu zake. Wakaagiza kutoka duka moja la vifaa vya tiba Mombasa. Kilikuja kidude cha kutosha kiganjani, chenye waya na kichwa mfano wa kipaza sauti. Unapaka utelezi, unagusisha tumboni, na moyo wa mtoto unasikika hewani, kila aliyekaa karibu anausikia. Wanawake wakakiita simu ya watoto. Hapo Dado akatambua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: miaka yote hiyo alikuwa akisikia peke yake, na mama amebaki kumwamini tu. Sasa mama alisikia mwenyewe. Wengine walilia. Wengine walishika ukingo wa mkeka wakatulia tuli.

Mvua za mwaka jana zilipoanza, simu ya watoto ilikufa. Betri ilikuwa imevimba ndani mpaka mgongo wake ukainuka. Dado alipiga simu dukani, na muuzaji, kwa adabu kabisa, akamweleza kwamba betri haiuzwi peke yake, kwamba kifaa kile hakifunguliwi, na kwamba hata hivyo kimeshapitwa na wakati, anunue kipya. Dado aliuliza kwa nini hakifunguliwi. Muuzaji akasema ndivyo kilivyotengenezwa.

Angeweza kuyaacha hapo kama si Kadra. Kadra alikuwa jirani yake, mke wa Abdirizak mchunga ng'ombe, na mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imekua vizuri. Hospitali walimwambia hivyo kila alipokwenda, lakini akirudi nyumbani hofu inamrudia, anakuja kukaa mlangoni kwa Dado bila kusema lililomleta. Dado akakifunga kifaa ndani ya leso, akaenda Garsen.

Pale sokoni alikuwako Mramba, Mgiriama aliyetengeneza redio na simu za mkononi. Alikigeuza kidude huku na huku, akamwonyesha skrubu zake: zilikuwa na umbo la nyota na kijiti katikati, makusudi ili bisibisi ya kawaida isiingie. Akasema angeweza kutafuta njia, ila anaogopa. Simu ikiharibika mtu hununua nyingine. Hiki cha kusikiliza roho za watu, hakutaka kiharibikie mikononi mwake.

"Basi nitengenezee bisibisi tu," Dado akamwambia. "Nitafungua mimi. Kikiharibika, nimekiharibu mimi mwenyewe, tena ni changu."

Mramba alimtazama, kisha akachukua spoku ya baiskeli akaanza kuipiga tupa. Asubuhi ilikwenda hivyo. Ncha ilipoingia vizuri, Dado aliketi kwenye kigoda chake, akaziondoa skrubu moja moja, na kifuniko kikaachia.

Hakujua alitarajia kuona nini. Baada ya kuambiwa mara zote zile kwamba hakifunguliwi, labda alidhani kuna kitu cha kutisha humo. Palikuwa na betri iliyofura, na kando yake kibao cha kijani chenye mistari ya shaba iliyogawanyika, ikagawanyika tena, myembamba kuliko unywele. Mwaka wa mafuriko makubwa Dado aliokolewa kwa helikopta, akauona Mto Tana kutoka juu ukipasuka vijito na vijito hadi baharini; tangu siku hiyo hakuwa ameona kitu kilichomfunga ulimi namna hiyo. Alinong'ona jina la Mungu. Kuna mtu mahali fulani aliyekaa akachora njia zote hizi, aliwaza, ili mimi nimsikie mtoto ambaye hajazaliwa. Na kuna mwingine aliyeamua nisizione.

Mramba alipata betri ya nguvu ileile kutoka kwenye kifaa kibovu, akamwonyesha jinsi ya kushika chuma cha kulehemu. Kioo kikawaka. Kisha kikaandika kwamba betri haitambuliki, ingiza namba ya siri ya fundi wa kampuni.

Dado akapiga tena Mombasa, na safari hii akaomba kuzungumza na fundi. Akapewa mwanamke aitwaye Najla.

"Mama, umekifungua?" Najla aliuliza.

"Nimekifungua, mwanangu. Nilikinunua, sikukiazima."

Najla akasema kwamba namba anayo, ila amekatazwa kuitoa nje. Dado hakubishana. Alimweleza habari za Kadra, na za masikio yake, jambo ambalo hata Jamal hakuwa ameambiwa lote.

"Nitakwenda kwa mkubwa wangu," Najla akasema mwishowe. "Sitamwuliza kama naruhusiwa. Nitamwuliza tunakataza kwa nini."

Najla alipiga simu siku ya pili, baada ya adhuhuri. Mkubwa wake, alisema, alitafuta sababu, akakosa hata moja ya kumridhisha mwenyewe, akasema mama apewe. Najla akaisoma namba polepole, Dado akaibonyeza, na kifaa kikaanza kuvuma.

Jioni hiyo Kadra alilala mkekani nyuma ya ua wa makuti. Abdirizak alikuwa ndiyo kwanza amefika na ng'ombe, akasimama nje ya ua, maana mambo haya kwao si ya wanaume. Dado alitafuta kidogo, akasogeza kichwa cha kile kidude chini ya kitovu, na moyo ukaja: wa haraka, wenye nguvu, usiochoka. Kadra alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Hata Dado, pamoja na ngurumo yake kichwani, aliusikia wote.

Nje, Abdirizak aliuliza kwa sauti ndogo ule ni mshindo wa nini. Kadra akamjibu kutoka ndani kwamba ni mwanawe.

Ng'ombe wakaanza kutawanyika, Abdirizak asiwarudishe. Kisha akaomba, kwa heshima aliyozoea kuwapa wazee tu, kama mama Dado angeweza kuongeza sauti.

Dado akaiongeza mpaka mwisho.