Maji Yangu ya Njano

Kope zangu zilianza kuanguka nikiwa juu ya lori la kabichi, tukiteremka kutoka Lukozi, kwetu milimani. Nilidhani ni usingizi. Nilizoea kulala juu ya mzigo, nikitazama ukungu ukipita usoni. Lakini safari ile nilikuwa macho kabisa, na dunia ikabaki ufa mwembamba wa mwanga.

Baadaye likafuata taya. Nilitafuna makande, na katikati ya tonge taya likachoka, likasimama. Nikarudi kwa dada yangu mkubwa, aliyenilea, nimeshika kidevu kwa mkono ili kichwa kisianguke. Akanipikia uji mwepesi. Ukanitokea puani.

Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua malori yanakwenda wapi. Kwa hiyo kwenye hospitali kubwa ya huko tambarare niliuliza maswali mpaka daktari kijana akacheka. Alisema kinga ya mwili wangu imekosea: badala ya kupiga magonjwa, inapiga mahali ambapo neva huipa misuli amri. Wataniosha damu. Nitaingia asubuhi na kutoka jioni, kila baada ya wiki kadhaa, mradi niwe na mtu wa kunishika, maana mgonjwa hutoka pale na kizunguzungu. Mtu wangu alikuwa dada peke yake.

Mashine ilikuwa imetumika Ulaya kabla ya kuletwa kwetu.

"Hata mashine ni mtumba?" dada aliuliza.

"Mashati yako yote ni mtumba, na yanakukaa," nikamjibu kwa sauti yangu ya puani.

Sindano mkono huu, sindano mkono ule. Damu ikatoka, ikazunguka ndani ya mashine iliyonguruma polepole, ikarudi. Midomo ikawasha, muuguzi akanipa dawa na blanketi. Baridi ilinipanda mkononi kama asubuhi za Malindi, ile ya kwetu milimani. Nikaelea. Niliona mabonde yetu yakipita chini yangu, na sikujua kama nimelala. Pembeni, fuko lilijaa taratibu maji ya njano, rangi ya samli iliyoyeyuka, nami nikayastaajabia: kumbe nimebeba kitu kizuri hivi miaka yote.

Siku chache baadaye nilimaliza bakuli zima la makande. Dada alinitazama mpaka tonge la mwisho, kisha akauliza, "Yale maji yalikwenda wapi?"

"Yalitupwa, nadhani."

Akaweka mwiko chini. Kwetu kitovu cha mtoto huzikwa kwenye shina la mgomba, na changu dada alimwona mama yetu akikifukia nyuma ya nyumba.

"Kitovu chako kiko pale. Ndicho kinachokurudisha, mzururaji wee. Sasa nusu yako imemwagwa tambarare. Nani atakurudisha?"

"Dada, ni maji tu."

"Maji! Yalichotwa mtoni?"

Akaapa kwamba hanisindikizi tena. Wiki zikapita, kope zikaanza kushuka, sauti ikarudi puani. Jioni moja taya likasimama na chakula mdomoni, nikakitoa kwa kidole mbele yake. Akaliondoa bakuli langu. Asubuhi nilimkuta akiosha dumu la mafuta ya kula kwa majivu.

"Tutakwenda," alisema. "Lakini yanarudi nyumbani."

Hospitalini hakuniruhusu nilale kitandani. Alinishika mkono, dumu kwapani.

"Shikamoo, mama," daktari akasema.

"Marahaba, baba. Nimefuata maji ya mdogo wangu, nikayazike."

Muuguzi alicheka, akauona uso wake, akaacha. Daktari hakucheka. "Mama, kile kinachompiga kimo ndani ya maji hayo. Tunayatoa ili asipigwe."

Dada aliliangalia dumu. "Yaani adui yake yumo humo?"

"Ndiyo, mama."

Akanigeukia. "Na wewe ulitaka nimzike huyo kwenye mgomba wa mama?"

"Mimi? Si wewe uliyekuja na dumu!"

"Nyamaza, lala." Akauachia mkono wangu. "Na nyinyi mnayapeleka wapi?"

"Tunayachoma."

"Yachomeni vizuri."

Alasiri tulikaa kwenye benchi nje, kizunguzungu kikinibembeleza. Nyuma ya majengo bomba lilitoa moshi mwembamba. Sikujua ni moshi wa kitu gani, lakini upepo uliusukuma upande wa milima, ukapanda, ukachanganyika na mawingu ya kwetu.

"Tazama, dada. Unaelekea nyumbani."

Aliutazama muda mrefu. Kisha akanifunika kichwa kwa khanga yake. "Usiutazame, adui yako yumo, atakujua. Kula."

Akanimenyea ndizi. Nikatafuna polepole ndani ya giza la khanga lenye harufu ya moshi wa jikoni kwetu, nikisubiri taya lichoke. Ndizi ikaisha. Akamenya nyingine.