Chumba cha Watu Watatu

Bi Thoan hakuwa mtu wa kubahatisha mambo ya vyumba. Miaka ishirini na sita alikaa mapokezi katika nyumba ya wageni mjini Nam Dinh, kando ya barabara kuu iendayo Hanoi, na katika miaka hiyo yote hakuna askari aliyekagua daftari lake akakuta jina lililopungua au lililozidi. Mume akija na mwanamke asiye mkewe, aliwaandika wote wawili, majina kamili, na ugomvi wao wakaumalizie huko kwao. Wenzake walimwita Bi Daftari, nusu kwa heshima, nusu kwa kumkebehi. Hakujali. Alistaafu na mgongo unaouma, miwani mipya, na sifa hiyo moja.

Kwa hiyo alipopiga simu kutoka kijijini kuweka nafasi katika mji mdogo wa milimani, kule Kon Tum, aliomba chumba cha watu watatu, akataja majina: Thoan, Quyet, Khiem. Dada wa mapokezi akayaandika, akapokea malipo ya awali, na kesho yake akatuma ujumbe kwamba chumba namba mia mbili na tatu kimethibitishwa.

Mdogo wake, Quyet, aliposikia alishika kichwa.

"Dada, si ungesema wawili tu? Nani kakutuma umtaje Khiem?"

"Kwani yeye si mtu?"

"Ni mtu. Ila amekufa tangu sabini na mbili."

"Mzigo ndio hauandikwi jina. Kaka yangu si mzigo."

Khiem alikuwa kifungua mimba wa nyumba yao. Aliondoka kwenda vitani akiwa na miaka kumi na tisa, akauawa kwenye misitu ya nyanda za juu, na kwa miaka arobaini na zaidi hakuna aliyejua kalala wapi. Mama yao hakuwahi kulia mbele za watu. Alichokuwa nacho ni kwamba mvua ikinyesha, hata iwe katikati ya chakula, aliweka bakuli chini akaenda kukaa mlangoni. Ukimwuliza anatazama nini, alisema, "Khiem ananyeshewa." Basi. Aliyasema hayo masika kwa masika hadi watoto wakaacha kumwuliza.

Barua ya serikali ya kuonyesha kaburi la Khiem ilikuja wakati mama hawezi tena kukaa mlangoni. Alimshika Thoan mkono, akamwambia, "Mkishamtoa ardhini, asiguswe na tone mpaka afike nyumbani." Thoan akaapa. Wiki iliyofuata mama akafa, na kiapo kikabaki kwa Thoan peke yake.

Asubuhi ya siku waliyowekea chumba walimtoa kaburini, chini ya turubai, saa ileile waliyopangiwa na mwaguzi. Hakuwa mwingi. Wakamwosha kwa pombe ya mchele, wakamfunga katika kitambaa chekundu, wakamtia kwenye begi la mgongoni la kijani kama alilochukua siku aliyoondoka. Thoan alilibeba kifuani. Kila walipovuka daraja Quyet alidondosha noti ndogo mtoni akasema, "Kaka, tunavuka daraja, usibaki nyuma." Mchana kwenye kibanda cha wali waliagiza mabakuli matatu na jozi tatu za vijiti, na mwenye kibanda akatandika zote bila kuuliza. Basi la kwenda kaskazini lingeondoka mjini pale alfajiri. Kulikuwa na usiku mmoja tu wa kuvuka, na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya nyuma ya milima.

Walifika kwenye nyumba ya wageni alasiri. Mlangoni kulikuwa na maua ya karatasi na herufi nyekundu za harusi. Ndugu wa bibi harusi walikuwa wamechukua ghorofa nzima ya tatu. Mapokezi alikaa Diem, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ileile ya kwenye simu.

"Karibuni, bibi. Mmefika salama? Naomba vitambulisho, vitatu."

Thoan akatoa viwili. Kisha akatoa karatasi ya tatu, hati ya kuhamisha mabaki yenye mhuri wa wilaya, akaiweka juu ya vile viwili na kuinyoosha kwa kiganja. Karatasi ya halali, jina kamili, tarehe. Kwa mtu aliyezeekea nyuma ya kaunta hakukuwa na njia nyingine ya kufanya jambo hilo. Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, maana ndugu wengine wanaobeba wafu wao huapa kwamba begi lina mihogo.

Diem alisoma mstari wa kwanza, macho yake yakahama kwenye karatasi yakaenda kwenye begi.

"Samahani bibi, nipige simu kidogo."

Akaingia chumba cha nyuma. Wakasikia "ndiyo mama", "hapana mama", "nimeelewa mama". Aliporudi hakumtazama Thoan usoni, alitazama miwani yake.

"Bibi, kumetokea tatizo. Bomba la ghorofa ya pili limepasuka. Chumba chenu hakifai tena. Tutawarudishia pesa zote, na kidogo juu."

"Limepasuka sasa hivi?" Quyet akauliza. "Ulipokuwa unaongea na simu? Bomba gani hilo lina masikio?"

"Mjomba, mimi nimeajiriwa tu."

"Tuna ujumbe wako hapa. Umethibitisha. Watu watatu."

"Sikujua ni watu gani."

Thoan alimvuta mdogo wake shati. Bomba la ghorofa ya pili. Kule Nam Dinh nalo lilikuwa la ghorofa ya pili, kwa sababu mgeni hawezi kuomba kupanda kuliona, na ghorofa ya kwanza angeona sakafu kavu. Yeye ndiye aliyewafundisha wasichana wapya kusema hivyo. Miaka ile ya tisini barabara ya Hanoi ilikuwa inapitisha watu wenye mabegi kama haya kila wiki, na bosi wake hakutaka mifupa chini ya paa lake. Wageni wakijua, alisema, tutafunga biashara. Bi Daftari hakuwahi kuandika uongo. Aliusema kwa mdomo, akauacha mstari mtupu.

"Mwanangu," alimwambia Diem, "mimi nimefanya kazi yako. Sikulaumu. Vyumba sivitaki. Nipe banda la pikipiki hapo uani, nikae naye tu mpaka alfajiri. Mvua inakuja."

Diem alifungua mdomo, na kwa muda mfupi ilionekana wazi kwamba atasema ndiyo. Kisha akainua macho kwenye kona ya dari, kwenye kamera iliyokuwa na taa ndogo nyekundu.

"Bosi anaona kwenye simu yake, bibi. Banda nalo ni la nyumba."

Wakajaribu kwingine. Nyumba ya pili mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, habari zimeshamfikia; mji ule mtu mmoja akipiga chafya wote wanajua. Ya tatu waliambiwa pamejaa, na funguo zote zinaning'inia ukutani.

"Dada, nisikilize," Quyet akasema. "Kule mwisho wa barabara kuna moja sijaulizia. Tumtie kwenye mfuko wa plastiki wa mchele, nimbebe begani. Nitasema ni viazi. Khiem angecheka, unamjua."

"Akacheke kwa mama. Simwingizi mahali kama viazi."

"Basi atanyeshewa kama mwanajeshi."

Alijuta neno hilo kabla halijaisha, ila lilikuwa limeshatoka. Tone la kwanza lilianguka kwenye kioo cha miwani ya Thoan. Waliona kibaraza cha fundi wa tairi, kimefungwa, kinatazamana uso kwa uso na ile nyumba ya harusi. Paa lake lilikuwa la bati, fupi. Thoan akaketi kwenye ngazi, akavua koti lake la mvua akalifunika begi, na Quyet akaondoka mbio kutafuta turubai la kununua.

Mvua ya milimani haina subira. Ilikuja kwa mshazari ikapita chini ya bati kama vile bati halipo. Thoan aliigeuzia mgongo, akalikumbatia begi, akaweka kidevu juu yake, na alipokwisha kukaa hivyo akajua amekwisha kumwona mtu aliyekaa hivi.

Ilikuwa tisini na tano, siku chache kabla ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya. Mzee mmoja wa Thai Binh alikuwa anamrudisha mwanawe. Aliposikia habari za bomba hakubisha. Alisema, "Basi mweke yeye tu ndani, mimi nitakaa nje." Thoan alikataa, tena kwa uso mkavu. Mzee akavuka barabara akaketi mvuani chini ya ubao wa matangazo, amelifunika begi kwa koti lake, mwenyewe yu kichwa wazi. Kila Thoan alipoinua macho kutoka kwenye daftari alimwona. Hakuweza kuandika. Mwishowe alisimama akavuta pazia, na kazi ikaendelea. Hakumsimulia mtu habari hiyo, si mumewe, si mama, na mama alikuwa anakaa mlangoni miaka ileile.

Sasa maji yalikuwa yanamtiririka shingoni kuingia mgongoni. "Kaka, nisamehe," alisema. Hakuwa anazungumza na Khiem peke yake.

Ng'ambo ya barabara taa za mapokezi zilikuwa zimewashwa. Diem alikuwa kwenye kaunta, kichwa chini, kalamu mkononi. Aliinua uso, akamwona. Akauinamisha. Akauinua tena. Thoan hakumpungia, hakumwita, alimtazama tu kama mtu anayesubiri basi analojua saa yake.

Diem akasimama, akaja dirishani, akavuta pazia. Alilivuta haraka mwanzoni, kisha polepole lilipokaribia mwisho, ili pete zake za chuma zisipige kelele.

Thoan aliingiza mkono chini ya koti, akafungua begi kidogo, akapapasa kitambaa. Kona moja ilikuwa imeshalowa.