Vioo Vitatu na Koo la Baba

Mimi nauza lineti, zile miwani za kusomea, sokoni Baraka. Bamama wa kanisa na wazee wa Biblia wanakuja mezani pangu, wanajaribu moja, wanajaribu nyingine, hadi mtu anapaza sauti, "Aa! Sasa naona!" Hapo hata mimi nafurahi. Lakini kuna wale wanaojaribu meza nzima, wanajiangalia kwenye kioo, wanasema nitarudi. Hao nawaambia wazi: usirudi.

Sikusomea mambo ya vioo. Ninachojua nimekijua juani. Kioo kinene cha mzee anayeona kwa shida ukikishika juu ya karatasi, kinaichoma kikiwa karibu. Chembamba lazima ukiinue juu zaidi ndipo moshi utoke. Kila kioo kina umbali wake, na hakikubali kubembelezwa.

Siku moja mvua ilitufungia sokoni mchana, giza likaingia chini ya bashi, yale maturubai yetu, wateja wakakimbia. Nikawasha torchi yangu ya Kichina, zile zenye kipunje kimoja cha njano katikati. Kioo chake cha mbele kilikuwa kimeshavunjika, kwa hiyo mwanga ulimwagika kila upande, ukiangaza paa, magoti yangu na matope, na hakuna ulichoonyesha vizuri. Kwa kukosa kazi, nikachukua kioo cha lineti kilichotoka kwenye fremu, nikakishika mbele ya kile kipunje. Nikakisogeza mbele, nyuma.

Yoo! Kwenye mlango wa duka la ng'ambo, kukatokea kiraka cha njano. Na ndani ya kile kiraka, mistari myembamba, imepangwa vizuri kabisa. Nikaangalia torchi, nikaangalia mlango. Ilikuwa picha ya kipunje chenyewe! Ile taa, ndogo kiasi kwamba ukiitazama inakuumiza macho, ilikuwa imekwenda kujichora upande wa pili wa njia, kubwa kama sahani. Nilisimama nikasema "Ee Mungu wangu" kwa sauti, na jirani yangu muuza chumvi akaniuliza nani amekufa.

Nikaongeza kioo cha pili juu ya kile cha kwanza. Picha ikapotea. Nikavisogeza vyote viwili karibu na taa, ikarudi, kali zaidi, mwanga wote umekusanyika pale, pembeni giza tupu. Taa ilikuwa ileile, na mabuye, yaani betri, yale yale. Mungu alisema nuru iwe, ikawa; kumbe njia ya kuipitisha alituachia tuitafute katika vitu vya mezani. Siku hiyo sikuuza hata lineti moja na sikujali.

Nilivifunga vile vioo viwili katika kipande cha bomba la maji, na kipande kingine cha bomba chembamba zaidi, kilichoshika torchi, kikaingia ndani yake ili kiweze kuvutwa mbele na kurudishwa. Nikampelekea mdogo wangu, mvuvi wa Lweba, kwa majivuno yote. Alikuwa analalamika daima kwamba torchi zao hazifiki mbali.

Wiki haikuisha akanirudishia.

"Yaya," akaniita kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, "hii kitu yako iko mubaya kuliko mwizi."

"Mubaya namna gani?"

"Ndagala wanapenda mwangaza wa kutawanyika, wanakuja pole pole, wanazunguka. Miye nikawapiga na hii yako katikati, kusudi niwaone muzuri. Wote wakazama! Batu ya mitumbwi ingine wakanitukana mpaka asubui."

Alicheka hadi akashika tumbo. Mimi nilikasirika. Nilimwambia yeye na ndagala wake wote hawana shukrani, nikaitupa torchi ndani ya kifuko changu na sikuongea naye mpaka tulipokula.

Jumapili iliyofuata Baba alishuka kutoka Fizi. Baba ni mtu wa mlima, maisha yake yote ni mihogo na maharage, na akifika ziwani anakula samaki kama mtu anayelipiza kisasi. Tulikuwa wote kwa mdogo wangu Lweba, tumetoka ibada. Siku hiyo samaki alikuwa mukeke mkubwa, wa kukaanga kisha kupikwa na mafuta ya mawese. Baba alikuwa anakula na kusimulia pamoja. Ghafla akanyamaza. Akashika shingo.

"Mwiba," akasema.

Kwetu kila mtu anajua dawa ya mwiba: unakata tonge kubwa la bugali, hutafuni, unalimeza zima ili lisukume mwiba chini. Baba ndiye aliyetufundisha tukiwa watoto. Akakata tonge, akameza, machozi yakamtoka. Akakata lingine. Sisi tukamtia moyo, tukamwambia moja tena Papa, tena kubwa. Wanasema mdharau mwiba mguu huota tende, lakini wake haukuwa mguuni, na sisi tulikuwa tunaugongelea kama msumari. Alipotema mate kwenye beseni, yalikuwa na damu. Baadaye hakuweza kumeza hata mate yake, na sauti ikakatika. Alikuwa anapumua kwa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu.

Mvua ilikuwa imeanza tena. Tulitaka kumpeleka hospitali Nundu, lakini mwenye pikipiki tuliyemtuma kuangalia njia alirudi akasema mto umejaa, hakuna anayevuka. Tukamshika Baba mikono, mmoja huku mmoja huku, tukamfikisha santre ya afya ya karibu.

Muganga wa pale alikuwa kijana mpole, mwenye mikono safi. Hakutulaumu. Alimkalisha Baba kwenye kiti, akabana ulimi kwa kijiti, akaangaza kwa taa ya simu. Akajaribu torchi ya santre. Nilimuona akiinamisha kichwa huku na huku. Mwanga ulikuwa unajaa kwenye meno, kwenye mate, kwenye ulimi, unamrudia machoni, na kule nyuma haoni kitu.

Akaweka chini pense yake, kile kikoleo chembamba cha kuchomolea.

"Koo imevimba sana kwa ile bugali. Nikiingiza pense bila kuona, naweza toboa. Na tukingoja sana, pumzi itakosa pa kupita." Akatuangalia. "Nahitaji mwangaza mudogo, wa kuingia kule ndani tu."

Mdogo wangu akageuka, uso umemkauka.

"Yaya. Leta ile mubaya."

Niliitoa kifukoni. Niliiwasha juu ya kiganja changu, mahali ambapo kinywa cha Baba kingekuwa. Ala! Duara kubwa, limefifia. Nilikuwa nimeitengeneza iende mbali. Nikavuta bomba mpaka likakaribia kutoka, bado. Mwanga ulikataa kukusanyika karibu. Nilihitaji kioo kingine, na meza yangu iko Baraka.

Nikamuangalia Baba. Lineti zake za Biblia zilikuwa mfukoni mwa shati.

Nilizichukua, nikavunja fremu mbele yake. Alinitolea macho, na kama angekuwa na sauti ningesikia maneno. Nikachomoa kioo kimoja, nikakibana mbele ya vile viwili kwa plasta ya muganga. Nikarudisha bomba kidogo. Duara likaanza kujikunja kiganjani, likapungua, likapungua, likawa kama ukucha wa kidole kidogo, la njano, kali.

"Njo hiyo," muganga alisema. "Simama hapa, karibu na sikio yangu. Usitetemeke."

Mwanga uliingia. Ukapita meno bila kuyagusa, ukapita ulimi, ukafika kule nyuma, na koo la Baba likafunguka mbele yetu, jekundu, limelowa, likitikisika kwa kila pumzi. Kimeo kilining'inia pale. Nilisahau kuogopa. Pale ndipo zilipotoka sala zake zote za asubuhi, na kukohoa kwake kule kulikotujulisha amefika uani, na jina langu aliloniita kabla sijajua kwamba ni langu. Sikuwa nimefikiri kamwe kwamba sauti ya Baba ina mahali. Nilikuwa napaona, padogo vile, na kila kitu chetu kimepita hapo.

"Nauona," muganga akanong'ona.

Nami niliuona. Kando ya kimeo, umezama kwenye uvimbe, ncha yake nyeupe kama uzi wa nyavu. Ulisogea Baba alipopumua. Pense ikaingia. Baba akashtuka, akataka kutapika, mdogo wangu akamkumbatia kichwa kwa nyuma akimwambia, "Vumilia Papa, vumilia." Muganga akaitoa pense, akangoja, akaiingiza tena. Nilibana pumzi. Mkono wangu, namshukuru Mungu, ulitulia.

Ukatoka. Mrefu, umepinda kidogo, una damu. Muganga akauweka kwenye sahani ya chuma na tukausikia ukigusa.

Baba alifunga kinywa. Tuliangalia shingo yake. Ikapanda, ikashuka. Akameza tena, pole pole, akiisikiliza. Ule mlio wa pumzi ulikuwa umepungua. Mdogo wangu alikaa chini sakafuni, akalia wazi kabisa, mtu mzima na ndevu zake.

Mimi nilikuwa bado nimesimama, torchi mkononi, nimemuangazia Baba kifuani. Akanitazama. Akakohoa, akajaribu, ikatoka sauti nzito iliyochubuka.

"Zima hiyo torchi. Unamaliza mabuye."

Sikuizima. Nilikuwa bado namuangalia.