Njia Niliyoichora kwenye Boksi

Siku ile tulikuwa wanne nyumbani kwangu, karibu na barabara ya Morse, Columbus: mimi, mdogo wangu anayenifuata, mkewe, na kitindamimba wetu. Mdogo wangu na mkewe walikuwa wameendesha gari kutoka Louisville, mji uliotupokea tulipotoka kambini Tanzania. Wao walibaki huko kwa ajili ya kazi ya kiwandani. Mimi nilifuata kazi ya ghala huku. Kitindamimba alikuja kwa basi kutoka Buffalo, ambako alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi. Columbus iko katikati, kwa hiyo kila jambo la familia huishia mezani kwangu.

Jambo la siku hiyo lilikuwa Guatemala.

Kitindamimba ndiye aliyelianzisha. Alisema kila mahali tulipowahi kuishi tulipelekwa: kambini tulipelekwa, Louisville tulipelekwa, hata nyumba ya kwanza tulichaguliwa. Kabla hajaanza kazi alitaka sisi ndugu watatu twende mahali ambapo hakuna aliyetutuma, kila mtu na begi lake mgongoni, mji hadi mji, tukilala kwenye nyumba za wageni za bei nafuu. Bila mimi, hakuna safari. Alilirudia hilo kwenye simu mpaka nikakubali kupanga njia.

Kupanga njia ni kazi yangu tangu wazazi wafe. Niliacha shule darasa la tano nikawa nalima mashamba ya watu na kusimama kwenye foleni ya mgao wa chakula, na tangu hapo hakuna anayesafiri kati yetu kabla sijauliza: nani atakupokea, utalala wapi, utakula nini. Basi kila nilipotoka kazini, miguu imevimba, nilikaa na simu nikisoma habari za barabara za nchi ile, nikichora kwenye kipande cha boksi nilichotoka nacho ghalani.

Nililiweka boksi mezani, kati ya chai na sahani ya ndagala, dagaa wa kwetu. Wote wakainama.

"Hapa tunatua, Jiji la Guatemala," nikaanza. "Kesho yake Antigua, usiku mmoja. Kisha Cobán, usiku mmoja. Kisha Flores, kaskazini. Pale mpaka wa Belize uko karibu."

"Mpaka wa nini, kaka?" akauliza kitindamimba. "Sisi hatuendi Belize."

"Najua. Lakini uko karibu."

Mdogo wangu akaanza kucheka. "Na hivi viduara?"

"Vikubwa ni hospitali. Vidogo ni makanisa. Ukikwama, mchungaji hatakufukuza."

Mkewe alikuwa ameliona begi langu jipya kwenye kona. Akalinyanyua, akalifungua. "Shemeji, humu kuna unga!"

"Kilo mbili tu."

"Na sufuria! Jamani, wale watu wanakula mahindi asubuhi na jioni, wewe unawapelekea unga wa mahindi?"

"Kaka mkubwa," mdogo wangu akasema akifuta machozi ya kicheko, "hii si njia ya mtalii. Ni njia ya mkimbizi. Usiku mmoja mmoja, mpaka uko karibu, unga mgongoni. Nani anatufukuza?"

Sikucheka. Jana yake nilikuwa nimefanya zamu ya ziada, na maneno yao yalinifikia kama yanatoka chumba cha pili. Nililitazama boksi langu nikaona ni kweli. Hakuna mahali nilipotuacha tukae.

Kitindamimba akachukua kalamu, akazungushia duara ziwa Atitlán, ambalo nilikuwa nimelipita kwa mbali. "Hapa tunalala siku nne."

"Tutafanya nini siku zote hizo?"

"Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Utalala, kaka. Ukichoka kulala utakunywa kahawa uangalie maji. Ulinibeba mgongoni mpaka kambini, na tangu nipate akili sijawahi kukuona umekaa."

Nikawaambia sina siku hizo. Likizo yangu nyingi niliimaliza mdogo wangu alipougua Louisville, na iliyobaki ilitosha kupita miji mbio mbio tu, si kukaa ziwani.

"Basi hatuendi," kitindamimba akasema, akaiweka kalamu chini. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyelitarajia jibu hilo, na hapo ndipo niliposhindwa kuimaliza chai yangu.

Kazini kwetu wanaruhusu mtu kusimamiwa zamu na mwenzake. Nikamwendea Mkongo mmoja anayekaa mtaa wa Linden, tunayefunga naye maboksi meza moja.

"Mukubwa, unaenda kutembea? Wewe?" Akanitazama toka juu hadi chini. "Bon, wende. Nitabakia ku fasi yako. Lakini Jumamosi zangu zitakuwa zako, donc ukirudi, hakuna kusema mgongo unauma."

Nilikubali bila kuuliza ni Jumamosi ngapi.

Tulikwenda. Unga ulibaki kabatini. Siku ya kwanza ziwani nilishtuka usingizini mchana nikitafuta viatu vya kazi. Kitindamimba, aliyekuwa ameketi mlangoni, akasema, "Lala," nikalala.

Sasa ni majira ya baridi. Yeye yuko wodini Buffalo, mdogo wangu yuko kiwandani. Mimi kila Jumamosi nakwangua barafu kwenye kioo cha gari, naenda kusimama mahali pa yule Mkongo. Juzi nilimuuliza kama bado ananidai.

"Bado, mukubwa," akasema, akinisukumia boksi. "Bado sana."