Kumshikia Bawa Binti Yangu

Binti yangu aliponiambia anataka kurusha ndege isiyo na injini, nilimjibu, "Thubutu! Nimekuleta Ulaya uje ufie hewani?" Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yeye kazaliwa hapa hapa Ilford, London, hakuna aliyemleta. Jamani, watoto wa huku!

Mtoto akililia wembe, mpe. Kila Jumamosi nikitoka zamu hospitali nilimpeleka pembeni mwa London, kwenye kikosi cha kujitolea kinachofundisha vijana kurusha glaida, ndio hizo ndege zisizo na injini, za jeshi. Mwanzoni nilikaa ndani ya gari nimenuna. Baridi ikanitoa, nikaanza kuwachemshia chai, mwishowe nikasajiliwa msaidizi. Mwalimu wao mkuu, mzee mwenye utani mwingi, alinihadithia kwamba kikosi kilianza enzi za Vita vya Pili vya Dunia, kwa glaida za mbao. Tangu hapo walimu ni watu wenye kazi zao, mafundi bomba na makarani, na hawalipwi hata senti. "Sasa na wewe umo," akasema. Nilicheka, lakini nilifurahi kweli.

Halafu ikaja amri kutoka juu: kikosi kinafungwa. Ilibaki Jumamosi moja tu, na binti yangu alikuwa hajaruka peke yake hata mara moja. Alilia wiki nzima. Nami nikajikuta nalia naye.

Jumamosi hiyo ya mwisho upepo ulituzuia hadi alasiri. Ulipotulia, mzee alimfunga binti yangu mikanda, akamfungia kifuniko cha kioo, akanituma nikashike ncha ya bawa. Glaida huvutwa kwa waya na mashine iliyo mwisho wa uwanja mpaka ipae. Pale bawa likilala chini, haivutwi. Likiinuliwa, maana yake tayari. Na yeyote akiona kasoro, hata mpika chai, anapiga kelele, kazi inasimama, na hakuna wa kumgombeza.

Basi roho ya mama ikaanza kutafuta kasoro. Nilitazama mawingu, nikatazama waya, nyasi, mkia. Nilimwomba Mungu anionyeshe japo kunguru mmoja. Wapi! Kila kitu kilikuwa shwari. Binti yangu akaniinulia dole gumba, uso umemkauka kwa woga, ananisubiri mimi.

Nikaliinua. Waya ukakaza, nikakimbia nalo hatua chache, likanitoka mkononi, glaida ikapaa. Nilibaki nikisali kwa sauti bila kujali nani ananisikia, mpaka akazunguka uwanja na kutua salama.

Nilimkimbilia machozi yakinitiririka. Alinikumbatia upesi upesi, kisha akaanza kusaidiana na wenzake kuisukuma glaida irudi mwanzo wa uwanja. Kijana mwingine alikuwa anasubiri pale, keshavaa parachuti, mdomo unamcheza. Wazazi wake hawakuwepo.

"Mama, wahi bawa," binti yangu akaniambia. "Na yeye hajaruka."

Nikajifuta uso kwa mkono wa koti, nikaenda kumshikia bawa mtoto wa wenyewe.