Damu ya Mumba, Mzima Kabisa

Kila asubuhi, kabla hajavaa koti lake jeupe, Virginie Mwenze alifanya jambo ambalo amewakataza wanafunzi wake wote: alifungua friza kubwa ya maabara bila kazi yoyote. Humo ndani ni baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri, na kila mlango unapofunguliwa baridi inapungua, na damu za watu zilizotunzwa humo zinaanza kuharibika. Alijua vizuri. Yeye ndiye aliyebandika karatasi mlangoni kwa herufi kubwa: USIFUNGUE KAMA HUNA KAZI. Hata hivyo alifungua, akavuta trei ya juu, akatazama kichupa kimoja chenye urefu wa kidole, na kukiamkia kwa Kibemba cha nyumbani kwao: "Mwashibukeni, mayo." Yaani, umeamkaje, mama. Kisha alifunga na kwenda zake kazini kama mtu mwenye akili timamu.

Mama mwenyewe, Mama Mumba, alikuwa amezikwa miaka miwili iliyopita. Kilichobaki juu ya ardhi ni seramu ile, maji ya damu yake, matone ambayo hayajazi kijiko cha chai.

Virginie ni mwanabiokemia. Kazi yake ni kutafuta ndani ya damu alama itakayosema mapema kwamba figo za mtu zinakufa. Figo zina tabia mbaya, hazilalamiki. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo huku anacheza kanisani Jumapili, na kipimo cha kawaida cha hospitali kinakuja kupiga kelele mambo yakiwa yameshaharibika. Virginie alikuwa ameona protini moja ndogo iliyoonekana kupanda miaka kadhaa kabla. Ili ahakikishe, ilibidi achukue damu ya watu wenye afya, aitunze, angoje miaka, aone nani ataugua, halafu arudi kuiuliza damu ile ya zamani kama ilikuwa inajua.

Kupata watu wa kutoa damu katika mtaa wa Hewa Bora si mchezo. Miaka sita iliyopita, kwenye ukumbi wa parokia, akina mama sitini walikaa wamekumbatia mikoba yao, hakuna aliyenyoosha mkono. Maneno yalikuwa yameshatangulia: damu inapelekwa migodini, inamwagwa chini ili shaba isikimbie. Virginie alieleza kwa Kifaransa, akaeleza kwa Kiswahili, akatoka jasho bure. Ndipo Mama Mumba, muuza samaki wakavu wa Pweto, mji wa kwao ziwani, aliposimama.

"Munaogopa nini? Kama mutoto yangu iko mulozi, aanze na damu yangu. Njo miye nilimuzaa!"

Ndiye aliyemzaa mchawi mwenyewe: ukumbi mzima ulicheka. Akaja mbele, akakunja mkono wa blauzi, akageuza uso ukutani, maana aliogopa sindano kuliko wote waliokuwa pale. Ilipokwisha aliomba kalamu, na kabla binti yake hajamzuia aliandika kwenye kichupa kilichongoja seramu yake: *Mumba. Muzima kabisa.*

"Mama, jina haitakiwe! Ni namba tu."

"Namba njo nani? Miye niko muntu."

Virginie alibandika namba 001 juu ya mwandiko ule. Nyuma ya mama yake foleni ilikuwa imeshapangika, akina mama hamsini na tisa waliopata moyo, na yeye hakuwa na muda wa kubembelezana. Hakusema asante. Alisema, "Suivante!", yaani aje mwingine. Neno hilo linamwuma mpaka leo.

Baada ya miaka mitatu miguu ya Mama Mumba ilianza kuvimba, naye akasema ni uzee. Hospitali ikasema figo zimekwisha. Akadumu miezi kumi na mmoja. Hebu fikiria: bingwa wa figo, anayekaa mji uleule, anayekula bukari, yaani ugali, na samaki mezani kwa mama yake kila Jumapili, na hakuona kitu. Watu walimfariji kwamba hakuna aliyeweza kujua. Alilishikilia neno hilo kwa mikono miwili.

Matanga yalipokwisha, mama wadogo walikuja kutoka Pweto kama desturi inavyotaka, wakagawana vitambaa, sufuria, hata kigoda alichokalia sokoni. Virginie hakupinga. Ila hakuwaambia habari za kichupa, kwa maana hata hicho wangekigawana. Alikuwa na hamu ya mama yake kiasi kwamba mara nyingine, akipita sokoni na kusikia harufu ya samaki wa ziwa Mweru, ilimbidi asimame aangalie pembeni kama anayetafuta simu kwenye mkoba.

Sasa utafiti ulikuwa umefika mwisho. Kati ya watu waliotoa damu wakiwa wazima, tisa waliugua figo baadaye. Damu za wanane zilikuwa zimepimwa, na kwa saba kati yao protini ile ilikuwa imepanda tangu zamani. Kamati ya chuo ilisema: wote tisa, hakuna kuchagua. Wa tisa alikuwa Mama Mumba. Na hapo ndipo penye kisa, kwa sababu walikuwepo wanawake wanne wa ukumbi uleule ambao damu yao ilionyesha protini imepanda, nao bado wanatembea, wanauza, wanaimba. Kuwaita na kuwatisha kabla alama haijathibitishwa hairuhusiwi. Walikuwa wanangoja kichupa kimoja bila kujua kwamba wanangoja.

Guelord, fundi wa maabara, alishachoka na visingizio. Mara ya kwanza Virginie alisema umeme hautabiriki. Mara ya pili alisema dawa za kupimia hazijatulia.

"Docta," Guelord alimwambia Ijumaa moja, "courant iko. Dawa iko. Nini inakosa?"

"Wiki ijayo."

Hakuweza kumwambia ukweli. Seramu ile ikishayeyuka na kupimwa, imekwisha, hairudishwi. Na kulikuwa na jambo la pili, baya zaidi. Kama damu ya mama ilikuwa kimya siku ile, basi kweli hakuna aliyeweza kujua. Lakini kama ilikuwa inasema?

Jumapili, wakitoka misa, alimkuta Mama Claudine kwenye ngazi za kanisa. Ni shoga ya mama yake, ndiye aliyekaa pembeni yake siku ya ukumbi, na alikuwa mmoja wa wale wanne. Alikuwa ameketi, amevua viatu, anasugua vifundo vya miguu.

"Hivi viatu binanibana siku hizi," alisema akicheka. "Njo uzee, mwanangu."

Virginie alipiga magoti mbele yake. Alimsaidia kuvaa viatu, na vidole vyake viliacha alama kwenye ngozi ya mguu ule, vishimo vilivyochelewa kujaa.

Jumatatu asubuhi alimwambia Guelord alete barafu. Kichupa kiliwekwa humo kiyeyuke polepole. Gundi iliyovumilia baridi ya miaka sita haikuvumilia unyevu: karatasi ya 001 ilijikunja, ikaanguka mezani. Chini yake mwandiko ulikuwa palepale, wa herufi nene za mtu aliyeishia darasa la nne. Guelord alisoma.

"Docta. Ni mama?"

"Njo yeye."

"Acha nifanye miye."

"Hapana. Siku ile nilimufukuza haraka. Leo nabaki naye."

Alipima mwenyewe, tone kwa tone. Katika kipimo hiki, damu yenye protini nyingi inageuka njano, na njano inavyokolea ndivyo protini ilivyo nyingi. Wakangoja. Mashine haikuhitajika kusema. Kwenye sahani nzima ya kupimia hapakuwa na njano iliyokolea kama ya Mama Mumba.

Guelord alitaka kumpongeza, akaona uso wake, akaacha. Alama ilikuwa imethibitishwa, na Virginie alilia kwa sauti, mbele ya mtu wa kazini, bila aibu. Damu ilikuwa inajua siku ileile mama anaandika kwamba ni mzima kabisa. Ingeulizwa, mama angepata miaka ya kujitunza, angepunguza chumvi ya samaki wake, angepewa dawa. Kwa miaka miwili Virginie alikuwa na hamu ya mama aliyeshindikana kuokolewa. Kuanzia siku hiyo alikuwa na hamu ya mama ambaye angeweza kuokolewa, na hamu hiyo ni nzito kuliko ile ya kwanza.

Kichupa kitupu kilikwenda kwenye sanduku la kuchomwa, kama sheria inavyosema. Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya friza, akatoa salamu yake, ila hakufungua mlango.

Kamati ilitoa ruhusa ndani ya wiki mbili. Yeye na Guelord walikwenda Hewa Bora, kwenye ua wa Mama Claudine, ambako wale wanne walikuwa wameitwa. Aliwaeleza yote, na kwamba ilibidi damu yao ichukuliwe tena, ionekane figo zimefika wapi. Walisikiliza wamekumbatia mikoba, kama zamani.

"Damu tena?" Mama Claudine aliuliza. "Ile ya kwanza tulikubalia mama yako. Sasa yeye haiko. Nani ataanza?"

Virginie alikaa kwenye kiti cha plastiki, akakunja mkono wa blauzi, akamnyooshea Guelord. Yeye pia alikuwa mtoto wa Mumba, na damu yake ilikuwa haijawahi kuulizwa. Sindano ilipokaribia aligeuza uso ukutani.

Mama Claudine alimwangalia, akapiga makofi mara moja.

"Mama eh! Angalia namna anageuza uso. Njo Mumba mwenyewe!"

Wote wanne walicheka. Virginie hakugeuka, maana machozi yalikuwa yanamtoka. Akasikia kiti kinavutwa karibu na chake, na Mama Claudine anahema huku akikunja mkono wa blauzi.