Mapacha wa Majaribio

Fundi wa kompyuta aliyeletwa kwenye kinu chetu cha pamba Bariadi, baada ya soko kuachiwa wanunuzi binafsi, huisemesha kibodi kama ng'ombe anayegoma kukamuliwa. Kabla ya kuingiza mkulima halisi kwenye orodha ya wauzaji, hubuni wa majaribio. "Jambo likivurugika, limvuruge asiyekuwepo," husema, kisha humzulia huyo asiyekuwepo kijiji, wake wawili na ekari za kutosha. Nimemwambia wakulima wake wananawiri kuliko wetu.

Jana Esteria, karani wetu wa mizani, alimwambia, "Mwanangu, jaribu na mapacha. Wanangu wanalima Migato, baba mmoja, tarehe moja." Fundi akabuni Kulwa na Doto. Mashine ikampokea Kulwa, ikamkataa Doto, ikidhani ni mtu yuleyule kaandikwa mara mbili. Esteria akashika kiuno.

"Kwa hiyo Jumatatu msimu ukifunguliwa, Doto wangu atarudishwa na pamba yake?"

"Usukumani hapa palivyojaa mapacha, umeshafukuza nusu ya wateja," nikachomekea.

Fundi hakucheka. Kazi ikiwa nzito huvua saa na kuilaza mezani taratibu kama mtoto aliyesinzia. Akaivua. Akabadilisha mipangilio, mashine iwe inatazama na jina la mtu, siyo baba, kijiji na tarehe tu. Akamwingiza Doto tena. Doto akakaa, chini tu ya Kulwa.

Esteria alisoma majina yote mawili kwa sauti, akajifunga khanga vizuri. "Naenda kuwaambia wafunge mizigo ya pamba," akasema. "Wote wawili."